Fundo la Bibi

Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Stesheni kuu ya Berlin, jukwaa la chini. Tumeshapanda treni ya kwenda Rostock. Mama mmoja mwenye baiskeli anataka kushuka, nami kwa adabu zangu za Kilindi nikateremka kumpisha. Kugeuka, watu wamejaa mlangoni kama dagaa ndani ya kapu. Mlango ukajifunga. Treni ikaondoka na begi langu, na ndani ya begi mna simu, pasipoti na lile fundo la Bibi.

SASA ENDELEA...

Nilifanya nini? Wewe ungefanya nini?

Nilikimbia. Nilikimbia sambamba na treni nikiipiga ubavuni kwa kiganja. Kwetu ukigonga bodi, konda anapaza sauti "shusha!" na gari linasimama hata katikati ya daraja. Treni ya Ujerumani haina konda wa kusikia bodi. Ilinipita taratibu, kwa heshima zote, ikaingia shimoni mwake.

Dirisha la mwisho lilikuwa na nyuso mbili. Mama Ratiba, mdomo wazi. Na Kimya, kiganja amekibandika kwenye kioo, vidole vyote vitano vimetanuka.

Baki hapo hapo.

Ndiyo sheria namba moja ya kiangazi chetu. Aliitunga Mama Ratiba siku tulipompoteza Kimya mjini Dresden: aliyepotea hasogei, wanaorudi ni waliobaki pamoja.

Kwa mliojiunga leo (wiki mbili hizi mlikuwa wapi jamani?), niwakumbushe haraka. Mama Ratiba ni Mpoland wa chumba cha jirani, mwenye daftari la nyakati za treni na kalamu nyekundu. Kimya ni kijana wa Batumi, nchini Georgia, ile ya kwenye Bahari Nyeusi, si ile ya Marekani. Anasomea miamba, na kwa siku hutoa maneno kumi akijitahidi sana. Majina yao halisi siwapi, wapo hai na wana simu. Mimi wananiita Lindi.

Nilikuwa Leipzig kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, na kwa bahati yangu muhula wenyewe ukaangukia mwaka 2022. Kiangazi cha tiketi ya euro 9.

Euro 9! Kwa mwezi mzima! Kama shilingi 21,000 hivi za wakati ule, unapanda treni yoyote ya mikoani, nchi nzima, Juni, Julai na Agosti. Zile za kasi, ICE, hapana. Hizo tulizitazama zikipita kama mbuzi anavyotazama lori. Lakini haraka ya nini? Tulikwenda Weimar. Tulipanda Bastei, kwenye ile miamba iliyosimama juu ya mto Elbe, Kimya akatuchelewesha saa nzima kwa kupapasa jiwe moja. Alilipapasa, akalinusa, kisha akalilamba.

Ndiyo, akalilamba. Usicheke, likumbuke hilo.

Na kila safari ya kaskazini ilipita Berlin. Mara nne nimepita Berlin. Mara nne sikutia mguu nje ya stesheni.

Kwa nini? Subiri kidogo.

Nirudi jukwaani. Mfukoni nina euro 4 na bigijii mbili. Tiketi ipo ndani ya simu, simu ipo ndani ya begi, begi lipo njiani kwenda baharini. Siwezi hata kupanda treni nyingine niwafuate, maana ukidakwa bila tiketi ni euro 60. Hii ni Jumapili, Agosti 28. Jumanne asubuhi nina ndege ya kurudi nyumbani.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika ishirini.

Nikakaa kwenye benchi. Mwisho wa benchi alikuwapo mzee mmoja, mweusi mwenzangu, kofia ya kitambaa cha kijivu, miwani mguu mmoja umeshikizwa kwa plasta ya kidonda. Alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Alilimenya polepole, ganda baada ya ganda, kila kipande akikipanga juu ya karatasi magotini, bila kudondosha hata kimoja. Alipomaliza akanitazama.

"Treni huwa zinarudi," akaniambia kwa Kijerumani.

Akala yai lake, akakunja karatasi, akaondoka kwenye ngazi za umeme.

Basi. Hakufanya lingine. Ila mweke pembeni huyo mzee, usimtupe.

Sasa naweza kukueleza habari ya Berlin, maana pale benchini sikuwa na kazi nyingine ila kuifikiria.

Mimi ni mjukuu wa Mchinga. Wajerumani niliwaambia Lindi kwa sababu Lindi angalau ipo kwenye ramani zao. Lakini Bibi yangu ni wa Mchinga, juu kidogo ya mji, na nyumbani kwake nimelala na kuamka na hadithi moja tu. Ya mjusi.

Unamjua mjusi mwenyewe. Yule wa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walikuwa wakimchimba, yeye na wenziwe, porini kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa juzi tu, 1907, na njaa yake bado ipo matumboni. Kuna msimu wachimbaji na wapagazi walikaribia 500. Hakuna reli, hakuna gari. Mifupa iliyogeuka mawe ilifungwa, ikapandishwa vichwani na mabegani, ikatembezwa siku nne hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200.

Sehemu ya mzigo huo ilipita juu ya kichwa cha babu yake Bibi.

"Alibeba mguu," Bibi husema. Wa mbele au wa nyuma, hajui. "Aliutua bandarini, wakautia melini. Akafa anauliza ulikokwenda."

Ulikwenda Berlin. Kwa hiyo niliposema napata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani, wengine waliniuliza kuhusu baridi na chakula. Bibi aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na fundo la kaniki lililokazwa kwa kamba ya ukindu, ukubwa wa embe dodo.

"Ni udongo wa nyumbani," akasema. "Ulifungue mbele yake. Kabla hujafika, usilifungue. Na usimwonyeshe mtu."

Nililipokea kwa mikono miwili. Mikono ikashuka.

Udongo mzito hivi?

Uwanja wa ndege kijana wa mashine aliligeuza geuza. Nikamwambia ni dawa ya Bibi. Akacheka, akanirudishia haraka kama anayerudisha kitu cha moto. Dawa za bibi za kusini hazichezewi.

Basi nikalifikisha Leipzig, nikaliweka juu ya kabati. Aprili ikapita. Mei, Juni. Kila Ijumaa sauti ya Bibi inaingia kwenye WhatsApp, nyuma yake kuku wanalia: "Umeshamwona?" Nami: mitihani, Bibi. Mvua, Bibi. Wiki ijayo, Bibi.

Ukweli? Niliogopa. Mifupa ya miaka milioni 150 hainyanyuki ikakung'ata, najua. Lakini ukilelewa na hadithi moja tangu unanyonya, hutaki kuikuta imesimama chini ya taa na kibao cha maelezo miguuni.

Katikati ya Julai nikafanya kitu cha aibu. Nikadanganya.

"Nimemwona, Bibi. Mkubwa kweli!"

Siku mbili kimya. Siku ya tatu sauti ikaingia. Kuku wale wale.

"Vizuri, mjukuu wangu. Basi niambie. Ulipofungua, ndani umekuta nini?"

Umeona mtego huo? Mwanamke wa miaka themanini, yupo Mchinga, kanikamata nikiwa Leipzig.

Wiki sita sijamjibu.

Saa kumi na dakika arobaini treni ya kutoka Oranienburg ikaingia, na wa kwanza kutoka alikuwa Mama Ratiba, amelikumbatia begi langu kifuani kama mtoto mwenye homa. Nywele zimemganda usoni. Kumbe kituo cha kwanza walishindwa kushuka kwa msongamano. Walikuwa wamebanwa kati ya mbwa na hema la mtu.

Nikamrukia shingoni. Akanikumbatia, kisha akanisukuma, akafungua daftari.

"Tuna dakika 20. Treni inayofuata ya Rostock ndiyo ya mwisho inayotufaa. Tukiikosa, jua litazama bila sisi."

Hapa lazima nikueleze kuhusu jua, ujue lilikuwa na uzito gani.

Kwetu Lindi jua linatoka baharini. Kila asubuhi ya Mungu linachomoza majini, jioni linatua nyuma ya minazi na milima. Kwa Kimya huko Batumi ni kinyume: jua linazama baharini. Tulibishana juu ya hili usiku mmoja wa Mei jikoni, kwa vidole na vijiko, mpaka Mama Ratiba akachora mstari kwenye ramani. Warnemünde, pwani ya Rostock. Kabla sijaondoka, Kimya atanionyesha jua likizama majini. Safari zote za kiangazi zilikuwa mazoezi tu. Hii ndiyo ilikuwa yenyewe, na kuanzia Jumatano usiku tiketi ya euro 9 inakufa.

Tulitakiwa kuondoka Leipzig alfajiri. Tuliondoka mchana kwa sababu ya sherehe ya kuniaga. Kosa la nani? Langu pia.

"Twendeni," Mama Ratiba akasema.

Nikafungua begi. Simu ipo. Pasipoti ipo. Fundo lipo, limelala chini, zito, limetulia kama kuku anayeatamia.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe mmoja mpya. Wa kaka yangu.

"Bibi haamki vizuri toka juzi. Anauliza kama umejibu."

Treni ya Rostock ikatangazwa. Watu wakaanza kusogea ukingoni. Mama Ratiba akanivuta mkono, mimi sikuvutika.

"Siendi," nikasema.

"Nini?"

"Mimi siendi baharini. Nendeni."

Ungeuona uso wake! Rafiki yako amepanda na kushuka, amebeba begi lako saa nzima na nusu katikati ya mbwa na mahema, halafu unamwambia huendi. Alisema maneno matatu ya Kipoland ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

"Miezi mitano," akasema baadaye, taratibu, na hapo ndipo ilipouma. "Miezi mitano tunakula sufuria moja. Kila tukifika Berlin unageuka jiwe. Sisi hatuulizi. Leo utasema au husemi?"

Nikasema.

Nilisema kwa Kijerumani kibovu na Kiingereza cha haraka, nikiwa nimelishika fundo tumboni. Babu. Mguu. Siku nne. Bibi. Uongo wa Julai. Niliposema "uongo" sauti ilikatika, nikamalizia kwa kuwaonyesha ujumbe wa kaka, ambao hawakuweza kuusoma.

Treni ikaingia. Milango ikafunguka. Mama Ratiba akatazama milango, akatazama daftari.

Na Kimya? Msomaji, Kimya alikuwa ameshageuka. Anapanda ngazi mbili mbili, begi langu tayari lipo begani kwake. Juu kabisa akasimama.

"Jua lipo kila siku," akasema. "Makumbusho yanafungwa saa ngapi?"

Saa kumi na mbili jioni. Kesho yake Jumatatu hayafunguliwi kabisa. Jumanne mimi nipo angani.

Mama Ratiba akatoa kalamu nyekundu, akakata ukurasa mzima wa Warnemünde kwa mstari mmoja. Treni ikaondoka nyuma yetu, na safari hii hatukuikimbiza.

Kutoka stesheni kuu hadi Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ni mwendo wa robo saa kwa mguu, mtaa mmoja tu ulionyooka, Invalidenstraße. Unavuka daraja la Sandkrug, ambalo mpaka 1989 lilikuwa mpaka wa Berlin Magharibi na Mashariki. Sisi tulilivuka mbio, Mama Ratiba mbele akihesabu dakika kwa sauti.

Watu wazima watatu wanakimbia Jumapili jioni kwenda kumwona mjusi! Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alitupisha kama anapisha gari la wagonjwa.

Mlangoni tukaweka begi kabatini. Fundo nikalitia mfuko wa suruali, paja likavimba.

"Mna nusu saa," dada wa tiketi akatuambia.

Tukaingia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukubwa. Mita 13 na sentimita 27 kwenda juu, hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuipita hiyo duniani, nilishasoma. Lakini kusoma ni kusoma. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mwili unapanda kama kilima, shingo inaendelea kutoka pale mwili ulipotakiwa kwisha, inaendelea, inaendelea, mpaka unashika shavu kwa kuinua kichwa. Mwanga wa jioni ulikuwa unashuka kutoka kwenye paa la vioo. Mifupa si myeupe. Ni ya kahawia iliyoiva, rangi ya ngalawa kuukuu.

Jina lake kwenye kibao ni Giraffatitan brancai. La pili ni la Branca, mkurugenzi wa makumbusho wa enzi zile, aliyebaki ofisini. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji kule Tendaguru, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo mjusi mwingine wa huko akapewa jina lake. Kwa heshima ya babu na mzigo wake sikuona kibao.

Nikatazama miguu. Wa kulia. Wa kushoto. Upi?

"Dakika 18," Mama Ratiba akanong'ona. Alikuwa analia, huyu mwanamke wa kalamu nyekundu, analia bila kelele na kutazama saa.

Kimya akachukua simu yangu, akaanza kurekodi kwa ajili ya Bibi.

Nikapiga magoti. Kamba ya ukindu ilikuwa imekauka ikawa kama waya. Kucha zilishindwa. Nikatumia meno, nikasikia ladha ya moshi, moshi wa jiko la Mchinga, nakuapia. Fundo likalegea. Kaniki ya kwanza. Ndani, kaniki ya pili. Nikaikunjua.

Udongo.

Udongo mwekundu, umenuka mvua ya kwanza. Nikashusha pumzi. Kumbe Bibi alisema kweli. Nikacheka, nikafuta machozi, nikachota kidogo kwa vidole viwili.

Vidole vikagonga kitu.

Kigumu. Kimezama katikati ya udongo, kirefu kama kidole gumba cha mwanamume. Nikakipangusa. Rangi ya kahawia iliyoiva. Upande mmoja laini, upande mwingine umevunjika, na pale palipovunjika pana vitundu vidogo vidogo, kama mkate uliokatwa kwa mkono.

Nikainua macho kutazama mguu wa mjusi. Nikarudisha macho kiganjani.

Rangi moja.

Kimya aliacha kurekodi. Akachutama. "Naruhusiwa?" akauliza, akakipokea kwa kitambaa, akakigeuza, kisha, mbele ya watoto wa watu, akagusisha ule upande uliovunjika kwenye ncha ya ulimi.

Kikamng'ang'ania. Aliachia vidole sekunde nzima na kitu kikabaki kinaning'inia ulimini.

Akakibandua. Uso umemgeuka.

"Jiwe la kawaida halinati," akasema. "Mfupa wa kale ndio unanata. Lindi, huu ni mfupa."

Damu ilinishuka miguuni. Miaka mia na zaidi. Babu hakuutua mguu wote bandarini. Nami nimevuka mipaka na kitu ambacho sheria za nchi yangu haziruhusu kuvuka bila kibali, nimekiita dawa, na sasa nimekishika ndani ya nyumba ya wenye kudai ni chao, zimebaki dakika kumi na tano, na pasipoti yangu ipo ndani ya kabati lao.

"Kifunge," Mama Ratiba akasema bila kufungua midomo. "Kifunge sasa hivi. Kuna mtu nyuma yako."

Sikugeuka. Mbele yangu kulikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kioo nikaona kivuli kinasogea, hatua moja, hatua mbili. Kofia ya kijivu. Miwani, mguu mmoja umeshikizwa kwa plasta.

Safari hii hakusema Kijerumani.

"Binti," akasema kwa Kiswahili, lafudhi ile ile ya jikoni kwa Bibi, "Mchinga hawajambo?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO